Mikebe Sita ya Kileleni

Mzee Farah hakuwa na shaka hata chembe, na hilo ndilo lililomtia shaka Brigid Kageha. Katika miaka yake ya usajini wa polisi, kabla hajastaafu na kufungua ofisi ya upelelezi juu ya duka la mbegu mjini Eldoret, watu wengi walikuwa wamemjia na jina la mhalifu tayari mdomoni. Waliopatia walikuwa wa kuhesabu, na hao nao walipatia kwa bahati.

"Ni Sifuna," Mzee Farah alisema kwa mara nyingine. "Ameuza redio yangu kwa Bilal. Analipwa asijibu malori yangu yakiita. Wewe kazi yako ni kuniletea ushahidi tu, Mama Kageha. Mhalifu tayari ninaye."

Bilal alikuwa shemeji yake, mwenye yadi ya malori ng'ambo ya barabara, mkabala na yadi ya Mzee Farah mwenyewe. Kila Idi mashemeji hao wawili walikula sinia moja, na mwaka mzima uliobaki walinyang'anyana mizigo. Nicanor Sifuna alikuwa mtu wa redio wa Mzee Farah, yule anayekaa ofisini na kipaza sauti na kuwaelekeza madereva, na alikuwa amekikalia kiti hicho tangu kampuni ikiwa na malori mawili mabovu.

Kageha alitua kikombe chake cha chai kwenye meza ya mwenyeji wake. Bila kukatiza maneno yake, Mzee Farah akanyoosha mkono, akakigeuza kikombe hicho mpaka kishikio chake kikaelekea upande mmoja na kishikio cha kikombe chake yeye. Kisha akaendelea kumshtaki Sifuna.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Madereva wa Mzee Farah hawakuruhusiwa kugusa simu wakiendesha, na kwenye mashamba ya mahindi ya kule Ziwa, mbali nje ya mji, simu zenyewe hushika mtandao zikijisikia. Kwa hiyo kila lori lilikuwa na redio, na kilimani nje ya Kimumu kulikuwa na ripita, mtambo unaosikia sauti dhaifu ya lori lililo mbali na papo hapo kuitangaza upya kwa nguvu, ofisi na malori yote yaisikie. Mwezi uliopita Mzee Farah alikuwa amefunga ripita mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Siku za mwanzo ilikuwa raha tupu. Dereva aliye Cheptiret alisikika hata akimeza mate. Halafu ghafla Ziwa ikapotea, Cheptiret ikapotea, na lori la maziwa likaharibikia huko Cheptiret, dereva akiita na ofisi ikinyamaza, mpaka maziwa yote yakaganda. Mwenye maziwa alishauriwa ayauze kama mursik, yale maziwa ya kuganda ya Wakalenjin, na hakucheka.

"Lakini lori likiwa hapa Kimumu linasikika vizuri," Mzee Farah alisema, akiinua kidole. "Sasa mashine inajua huyu ametoka Ziwa na huyu Kimumu? Mashine haina ubaguzi. Mtu ndiye ana ubaguzi."

Hoja ilikuwa nzuri na Kageha aliiweka akilini. Akauliza mbona ameitwa kwa haraka hivyo.

Haraka ilikuwa ya alasiri hiyo hiyo. Kampuni ilikuwa na desturi ya kuitana kila siku baada ya swala ya alasiri. Mzee Farah mwenyewe hushika kipaza sauti, akaita malori moja moja, na kila dereva huitika na kusema alipo. Matangazo yote makubwa yalitolewa hapo: harusi, misiba, lori jipya, mtoto aliyefaulu. Leo tangazo lilikuwa moja. Angemtaja Sifuna kuwa msaliti, kila mtu asikie, kisha amkabidhi kwa polisi.

Kageha akamwomba ampe mpaka hiyo alasiri, naye akakubali kwa shingo upande. Mlangoni mpelelezi alitafuta viatu vyake. Alikuwa amevivua mbiombio, kimoja kikitazama huku na kingine kule, lakini sasa vilikuwa vimekaa sambamba, visigino vikigusa ukuta. Pembeni chetezo kilikuwa kikifuka uunsi, ubani wa Kisomali, na harufu yake tamu ya udi na sukari iliyoungua ilimfuata mpaka nje. Uani dereva mmoja alikuwa akirudisha lori nyuma, akashuka kuangalia, akapanda tena kulisogeza, kwa sababu bampa yake ilikuwa imeupita mstari wa wenzake kwa kiasi cha kiganja. Kageha alitazama yote hayo akidhani hayamhusu.

Sifuna alikuwa kwenye chumba chake cha redio, mtu mnene wa sauti nzito, kiongozi wa kwaya kanisani kwake. Siku hiyo sauti hiyo ilikuwa imemwisha. Najma, binti wa Mzee Farah aliyekuwa akisimamia ofisi, alikuwa amemletea mandazi naye Sifuna hakuwa amegusa hata moja, jambo ambalo Najma alimnong'oneza Kageha kuwa halijawahi kutokea.

Kageha alimuuliza husikia nini malori ya mbali yanapoita.

"Wanaita 'Besi,' ndiyo hii ofisi, lakini mimi nasikia mtu akikatwakatwa, madam," Sifuna akasema. "'Be.' Kimya. 'Si.' Kimya. Halafu basi. Mimi naita, naita, mpaka koo inakauka. Nitajibu nini na sijui ni nani na ako wapi?"

"Na kwa Bilal ulienda kufanya nini? Mzee anasema umeonekana ukiingia pale."

Sifuna akaangalia sakafu. Alieleza kwamba alikwenda kumlilia Bilal, awaambie madereva wake wakipita Cheptiret wawachungulie wale wa Mzee Farah, na wakikuta mmoja amekwama wapige simu. Bilal alikubali, na akampa chai. Alikuwa ameomba jambo hilo lisimfikie Mzee, kwa sababu Mzee akijua kwamba malori yake yanachungwa na shemeji yake angepasuka.

Kageha alimuuliza kama amewahi kupanda kilimani kwenye ripita. Sifuna akajitazama tumbo, kisha akamtazama yeye, kama mtu anayeomba swali lirudiwe kwa heshima zaidi. Hakuwa amewahi.

"Nikitajwa kwa hiyo redio, madam," akasema mwishowe, "hakuna yadi Eldoret hii itanishika tena. Wote wanaskiza. Hata watoto wangu wataskia kwa mashule." Akajifuta macho kwa kiganja, na Kageha, ambaye alikuwa amewaona waongo wa kila namna wakilia mbele yake, alimhurumia waziwazi.

Kabla ya kutoka alimpa Sifuna kazi. Ampigie simu Awuor, dereva aliyekuwa akipakia mahindi Ziwa, amwambie abaki sokoni karibu na mtandao, na kuanzia adhuhuri aongee kwenye redio bila kukoma. Sifuna akauliza aongee nini. Kageha akasema chochote kinachomjia.

Fundi aliyefunga ripita aliitwa Irungu, mtu ambaye ukimuuliza ni saa ngapi atakueleza kwanza jinsi saa inavyotengenezwa. Alikuwa akimsubiri kilimani akiwa na begi la vifaa na uso wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa, kwa kuwa alijua vizuri kwamba baada ya Sifuna jina la pili lingekuwa lake. Langoni alikuwepo Mzee Wesonga, mlinzi, na kirungu chake na kofia ya sufu. Kageha alimuuliza kama kuna mgeni yeyote aliyeingia kwenye kibanda tangu mtambo ufungwe.

"Hakuna," Mzee Wesonga akasema. "Mgeni akikanyaga hapa, mimi nalala naye mbele, namfukuza na hii kirungu."

Kageha alimwamini. Aliingia ndani na kusimama ghafla. Kilichomsimamisha hakikuwa kitu cha kuonekana. Chini ya joto na vumbi la kibanda kile cha mabati kulikuwa na harufu, hafifu kabisa, ya udi na sukari iliyoungua. Aliinama akaona majivu kidogo sakafuni kwenye kona.

Mtambo wenyewe ulikuwa sanduku linalovuma, feni yake ikilia kwa uchungu. Kando yake ilisimama mikebe sita mirefu ya chuma king'aavu, mirefu kama mitungi ya maziwa ya kupeleka kiwandani lakini myembamba, imeunganishwa kwa waya nene. Juu ya kila mkebe kulitokeza kijiti cha chuma kilichokazwa kwa nati.

"Hii ndiyo dupleksa," Irungu akasema, na sauti yake ikapata uhai. "Na kama kuna mtu amekwambia nilichagua vibaya, kaa chini nikueleze."

Kageha alikaa chini kwenye kreti, kwa sababu aliona hakuna njia nyingine. Irungu akaeleza kwa mapana. Ripita, alisema, ina sikio na ina kinywa, na vyote viwili hufanya kazi wakati mmoja kwenye antena moja. Sikio husikia masafa haya, kinywa husema masafa yale ya jirani. Sasa ukimpigia mtu kelele sikioni hawezi kusikia anayenong'ona ng'ambo ya bonde. Dawa ya kwanza ni kutumia antena mbili na kuziweka mbali sana, lakini mlingoti wa Mzee Farah ulikuwa mfupi. Dawa ya pili ni hii mikebe. Mitatu ni ya sikio na mitatu ni ya kinywa, na kila mmoja ni kama bawabu aliyepewa maagizo: pitisha masafa haya, yale mengine yazuie.

"Mbona usichukue kitu kidogo?" Kageha akauliza. "Mzee anasema ya zamani ilikuwa sanduku la kubeba kwapani."

Swali hilo ndilo Irungu aliloliogopa. Alikiri kwamba sanduku lile dogo lilitosha wakati kinywa kilikuwa kidogo. Mzee alipotaka nguvu ya kufika Cheptiret, kelele za kinywa ziliongezeka, na bawabu mdogo hazimudu. Kadiri mkebe ulivyo mrefu na mnene ndivyo unavyotenganisha masafa yaliyo jirani bila kuimeza sauti yenyewe. Mtu hanunui mikebe kwa kupendezwa na mng'ao wake. Anaangalia kwanza nguvu ya kinywa, kisha sikio na kinywa vimeachana masafa kiasi gani, halafu anamtajia muuzaji masafa yake kamili ili ipimwe kwayo. Akikosea kuyataja amenunua mapambo.

"Na wewe uliyataja sawasawa?"

"Madam, Cheptiret ilikuwa inasikika mpaka mtu akimeza mate. Mapambo yanaweza kufanya hivyo?"

Hapo Kageha alikubali kwamba mtambo ulikuwa mzima ulipofungwa. Akataka kujua kama Irungu anaweza kukizima kinywa na kuliacha sikio peke yake. Irungu akasema ni kitufe tu. Basi wakakiacha kwanza kikiwa wazi, wakafungua spika ndogo ya mtambo na kungoja.

Awuor alikuwa ameanza. Spika ikatoa "Mze," ikanyamaza, ikatoa "bam," ikanyamaza, ikakohoa. Kila sikio lilipoinasa sauti, kinywa kiliamka kuirudia, na palepale sikio likaziba. Kinywa kikanyamaza, sikio likazibuka, likanasa kipande kingine, likaziba tena. Ndiyo ile sauti ya mtu akikatwakatwa.

"Zima," Kageha akasema.

Irungu akabonyeza, feni ikapumua, na kibanda kikajaa sauti ya Awuor, safi, kama yuko mlangoni.

"...kwa sababu hakuna mtu ananiskia, na madam amesema niongee chochote, wacha niongee," Awuor alikuwa akisema. "Huyu Mzee wetu ni mtu wa Mungu, lakini juzi amenirudisha yadi mara tatu nisogeze lori. Mara tatu, na mimi nimebeba mahindi ya watu. Ati bampa yangu imepitisha wengine. Nikamwambia Mzee, hii lori ni ndefu, imezaliwa ndefu. Akasema basi hao wengine wasogee mbele wanifikie. Wote! Malori yote yakasogea juu ya moja."

Mzee Wesonga alicheka mlangoni mpaka kofia ikamteleza. Irungu naye alicheka. Kageha hakucheka, kwa maana kitu kilikuwa kimegonga kichwani mwake, na alisimama akaiendea mikebe.

Sasa alikuwa na jibu la hoja ya Mzee Farah. Mashine ilikuwa na ubaguzi kweli. Lori la Kimumu lilikuwa likipaza sauti karibu, likasikika juu ya kelele. La Ziwa lilinong'ona, likamezwa. Sifuna hakuwa na hatia ya kunyamaza. Lakini Mzee Farah angesema tu kwamba basi Sifuna ndiye aliyekuja kuuharibu mtambo, na Kageha alijua kwamba mtu mwenye hasira hashindwi na hoja ya kwanza. Ilibidi apatikane aliyeugusa.

Aliinama kwenye nati. Juu ya kila moja kulikuwa na doa jekundu linalong'aa, na alilitambua mara moja.

"Hii ni rangi ya kucha."

Irungu alikohoa. Kageha kwa sekunde moja alimfikiria Najma, kisha akakumbuka vidole vya Najma vikiweka sahani ya mandazi, vyekundu-kahawia vya hina, bila tone la rangi ya dukani, kwa kuwa msichana yule alikuwa mtu wa kutawadha, na rangi hiyo huzuia maji ya udhu kufika kwenye kucha. Irungu akaungama kwamba rangi ilikuwa yake. Kila akimaliza kupima kijiti hukaza nati na kuitia tone moja linaloshika nati na kijiti pamoja, na siku nati ikilegea anajua. Aliinunua kwa mchuuzi aliyemuuliza mke wake anapenda rangi gani, na yeye kwa aibu akajibu kwamba mke wake anapenda nyekundu, na hana mke.

"Basi soma alama zako," Kageha akasema.

Irungu alisoma, akipitisha kidole kwenye kijiti kimoja kimoja. Kwenye mikebe ya sikio matone yalikuwa mazima. Kwenye mitatu ya kinywa yalikuwa yamepasuka katikati, nusu ikibaki kwenye nati na nusu ikiwa imepanda na kijiti, juu kwa kiasi cha upana wa kidole. Nati zilikuwa na michubuko ya spana. Mtu alikuwa amezilegeza, akavuta vijiti juu, akazikaza tena kwa uangalifu mkubwa.

"Lazima ya kinywa ikae chini, ya sikio ikae juu," Irungu akasema kwa unyonge. "Hivyo ndivyo kila moja inajua masafa yake. Sasa mabawabu wote sita wana maagizo ya sikio. Kelele ya kinywa inafunguliwa mlango na kuambiwa karibu."

Kageha alirudi nyuma hatua moja akaitazama mikebe kama mtu anavyotazama picha ukutani. Vijiti sita vilikuwa vimesimama kwa mstari mmoja, sawasawa kabisa, bila kimoja kuzidi kingine hata unywele. Vilipendeza. Akaelewa kwamba hakuna adui duniani anayeharibu kitu kwa unadhifu wa namna ile.

Irungu alikuwa ameshatoa spana yake avirudishe. Kageha akamshika mkono. Ushahidi haukuwa wa kuguswa, na mhalifu hakuwa amepatikana bado. Irungu alitazama vijiti vile kwa maumivu ya mama anayeona kamasi puani mwa mtoto wake mwenyewe na kukatazwa kupangusa. Mzee Wesonga akaambiwa afunge mlango, achukue kirungu chake, aje nao mjini.

Waliporudi yadini swala ya alasiri ilikuwa imekwisha na Mzee Farah alikuwa ameshakaa karibu na kipaza sauti. Sifuna alisimama ukutani kwenye koti lake la Jumapili. Alikuwa amelivaa, alieleza baadaye, ili kama ni kuchukuliwa na polisi achukuliwe akiwa mtu. Kageha aliomba jambo moja tu kabla ya kuitana, kwamba wote wanywe chai. Katika nyumba ya Msomali ombi hilo halikataliwi hata siku ya kiama.

Alimfuata Najma jikoni akamnong'oneza maagizo. Najma alishangaa, lakini akatii. Akarudi na sinia yenye vikombe sita, vya watu sita waliokuwamo. Vitatu vilikuwa vimejaa hadi karibu na ukingo. Vitatu vilikuwa vimepungua, kwa kiasi cha upana wa kidole. Akaweka sinia mbele ya baba yake, na birika kando.

Kageha akaanza kutoa ripoti, pole pole kwa makusudi. Alisema mtambo ulikuwa umechezewa. Mzee Farah akamkatiza, akasema alijua, si alisema, na akamgeukia Sifuna. Alimkumbusha siku alipomwajiri na harusi aliyomchangia. Huku akiongea mkono wake wa kulia ulishika birika. Alijaza kikombe cha kwanza kilichopungua. Akamwambia Sifuna kwamba usaliti wa mtu wa nyumbani unauma kuliko wa jirani. Akajaza cha pili. Akainama, jicho moja likiwa limefumbwa, kichwa sawa na sinia, akaongeza tone la mwisho kwenye cha tatu, akatazama vikombe sita vilivyolingana kama maji ya ziwani, na uso wake wote ukatulia.

Irungu alikuwa ametoa macho. Hata Najma alikuwa ameelewa, akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Mzee Farah," Kageha akasema kwa upole, "ulipanda kilimani lini?"

Mzee alitua birika. Alijibu bila wasiwasi kwamba alipanda Ijumaa moja, kuuombea mtambo dua, kama anavyoombea kila lori jipya kabla halijatoka yadini. Alichukua chetezo chake akafukiza uunsi kidogo, akasoma dua yake, akashuka. Kageha akamgeukia Mzee Wesonga, ambaye aliona sasa macho yote yako kwake.

"Uliuliza mgeni," mlinzi akasema. "Huyu ni mwenyewe. Mwenyewe anakuwa mgeni aje?"

"Na katikati ya dua, Mzee," Kageha akaendelea, "uliona nini?"

Mzee Farah alitazama vikombe. Alitazama mkono wake. Mtu angeweza kuona jambo lile likimwingia polepole, kutoka kwenye vidole kupanda hadi usoni.

"Vingine vilikuwa vifupi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Vitatu vimesimama, vitatu vimezama. Nikasema fundi alifanya haraka. Spana ilikuwa kwa gari. Mimi sikupunguza kitu, Mama Kageha, wallahi. Niliongeza vile vilivyopungukiwa."

Hakuna aliyecheka, ingawa Irungu alilazimika kutazama nje ya dirisha. Kageha alimwambia Irungu sasa anaweza kwenda kuvirudisha vijiti, na fundi aliondoka akikimbia, pikipiki ikasikika ikinguruma kuelekea Kimumu. Waliobaki walikunywa chai yao, huku Kageha, kwa idhini ya Sifuna, akimweleza Mzee Farah kilichompeleka Sifuna kwa Bilal. Mzee Farah hakunywa. Mara moja alinyoosha mkono kuelekea kikombe cha Sifuna kukigeuza, akauona mkono wake, akaurudisha.

Hatimaye spika ikaamka. "Besi, hapa ni kilimani," sauti ya Irungu ikasema. "Ya chini iko chini na ya juu iko juu. Na ninaomba, kwa heshima, ikae hivyo."

Mzee Farah akashika kipaza sauti. Aliita malori kama kawaida, na yakaitika moja baada ya jingine, Kimumu, Cheptiret, na Awuor kutoka Ziwa, safi kama yuko chumbani. Halafu ukafika wakati wa tangazo. Alivuta pumzi. Alikuwa mtu mkubwa mjini na hakuwa na mazoea ya kazi hiyo, na ilimwuma, lakini aliifanya. Alisema mtambo ulikuwa umeharibiwa na mkono wake mwenyewe, kwa ujinga. Alisema Nicanor Sifuna hakuuza kitu kwa mtu, na kwamba alipokuwa akidhaniwa msaliti alikuwa akiwatafutia madereva msaada mpaka kwa Bilal. Alisema anamwomba msamaha mbele ya wote.

Wote wakamtazama Sifuna. Alikuwa akilia bila kujificha, machozi yakidondokea koti la Jumapili. Kisha akajongea, akakaa kwenye kiti chake, akachukua kipaza sauti mkononi mwa tajiri wake na kukohoa kusafisha koo. Ile sauti ya kwaya ilikuwa imerudi.

"Mzee, sauti yako imekuja ikikatikakatika," akasema. "Hiyo ya mwisho sijaipata. Rudia."

Kilikuwa chumba kimoja na walikuwa wamekaribiana kiasi cha kugusana magoti. Mzee Farah akafungua mdomo kumwambia hivyo. Ndipo spika ikafunguka tena, na sauti ya Awuor ikaingia kutoka Ziwa, haina mkwaruzo hata mmoja.

"Hata huku hatujaipata, besi. Mwambie Mzee arudie pole pole."

"Cheptiret pia," mwingine akasema.

Mzee Farah akanyoosha mkono wake akapokea kipaza sauti, akafumba macho, akaanza upya.